Kijana wa Kisii na Nyamira, jina la babu yako litabaki wapi?

Je, umewahi kukaa kanisani Jumapili, mahubiri yamekuwa marefu, ukajikuta unatazama dirisha badala ya mhubiri? Usione haya. Kuna makanisa ambayo madirisha yake yalitengenezwa ili uyatazame.

Hapa Kisii na Nyamira, makanisa mengi yana vioo vya kawaida tu, mengine yana vipande vya nyekundu na samawati vya kupendezesha. Ila kuna aina nyingine ya dirisha: la ukumbusho. Linawekwa kwa ajili ya mtu au watu waliofariki, na mara nyingi majina yao huandikwa papo hapo au kwenye kibao kando yake.

Kazi yenyewe si mchezo. Fundi huchora picha kwa ukubwa wa dirisha, kisha anakata kioo vipande vipande kuifuata. Rangi haipakwi juu kama ya ukuta. Imo ndani ya kioo. Kioo kikiwa bado kimeyeyuka hutiwa madini: kobalti hutoa buluu, manganizi hutoa zambarau, na dhahabu kidogo sana hutoa wekundu. Nyuso na mikunjo ya nguo huchorwa kwa rangi maalum, halafu vipande huchomwa kwenye tanuri mpaka mchoro ushikane na kioo. Mwisho vinaunganishwa kwa vyuma vyembamba vya risasi. Usidhani ni kazi ya Ulaya pekee. Kule Kitengela, karibu na Nairobi, msanii Nani Croze alianzisha karakana ambayo imetumia hata vioo vilivyotupwa kutengeneza kazi za rangi.

Sasa twende Zanzibar kidogo. Pale Mkunazini, Mji Mkongwe, kuna kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka wa 1873. Ndani yake kuna dirisha la kioo cha rangi la kumkumbuka David Livingstone. Kuna pia ukumbusho wa mabaharia wa Uingereza waliokufa wakifukuza majahazi ya watumwa baharini.

Haya, na watumwa wenyewe je? Waliouzwa pale? Ukumbusho wao unaojulikana zaidi uko nje: sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, wamesimama ndani ya shimo. Ni kazi ya Clara Sörnäs, na iliwekwa mwaka wa 1998. Hesabu mwenyewe: ni miaka 125 tangu soko lifungwe. Na sanamu zile zina nyuso lakini hazina majina, kwa sababu hakuna aliyeyaandika.

Hapo ndipo stori inarudi nyumbani.

Januari 1908, shujaa wetu Otenyo alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Mwingereza Geoffry Northcote. Wazee husimulia kwamba nabii Moraa ndiye aliyewachochea vijana wasikubali kutawaliwa. Northcote alipona, akaendelea na kazi, na baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Wagusii wakaadhibiwa: watu wakauawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Otenyo naye aliuawa, na mpaka leo jamii inadai kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza na kinafaa kurudishwa.

Wewe unamjua Otenyo. Lakini hebu nitajie vijana wengine watano waliouawa mwaka huo. Watatu? Mmoja?

Ona basi, kukumbukwa si suala la nani alikufa. Ni suala la nani alikuwa na mtu wa kuandika jina lake na pesa za kulipa fundi.

Utaniambia, "Sisi tuna njia yetu." Ni kweli, na ni njia nzuri. Mgusii akifariki, mtoto anayezaliwa baadaye hupewa jina lake. Pengine wewe mwenyewe unatembea na jina la marehemu ambaye hukuwahi kumwona. Wewe ndiwe dirisha lake. Shida ni moja: unajua jina, lakini unajua stori? Alikuwa mtu wa aina gani? Alilima wapi? Alikufa vipi? Jina bila stori ni kama kioo bila mwanga, rangi zimo lakini huzioni.

Na mazishi yetu ya siku hizi tunayajua. Hema kubwa, spika, fulana zenye picha ya marehemu, bango la rangi getini. Familia inachanga, wakati mwingine inakopa. Baada ya mwezi, bango limekuwa la kufunikia kuni, fulana inavaliwa shambani kuchuma chai, na kaburi nyuma ya nyumba linaota nyasi. Sisemi msizike kwa heshima. Nauliza tu: katika pesa zote hizo, kiasi gani kilienda kwa kitu kitakachodumu?

Wala si lazima kiwe kioo. Tuna jiwe la Tabaka! Mawe yale laini tunayowachongea watalii viboko na sahani yanaweza kubeba majina ya watu wetu pia. Elkana Ong'esa, mchongaji kutoka huko huko Tabaka, kazi yake imefika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Kibao kimoja cha jiwe kwenye ukuta wa kanisa lenu la mtaani kinashindwaje?

Lakini kabla ya jiwe au kioo, kuna kazi ya bure. Wikendi hii, nenda kwa magokoro. Beba sukari, keti jikoni, washa simu urekodi. Muulize majina ya wazazi wake, ya babu zake, ya ndugu waliokufa wadogo. Muulize wewe umepewa jina la nani, na huyo mtu alikuwaje. Andika yote kwenye daftari, weka na tarehe.

Fundi wa kioo anaweza kusubiri mwaka ujao. Magokoro huenda asiweze.