Kwa nini mchezo wa Nyoka hausahauliki Subukia

WATU wanaposimulia michezo ya video waliyoienzi utotoni, wengi huitaja PlayStation 2, mtambo uliozinduliwa Japani mwaka wa 2000. Hata hivyo, mtambo huo ulihitaji televisheni na umeme, ambavyo nyumba nyingi za mashambani, zikiwemo za Subukia, Kaunti ya Nakuru, hazikuwa navyo miaka hiyo.

Huko, mchezo ulipatikana katika simu ya mzazi. Nyoka, uliobuniwa na Taneli Armanto wa Nokia, uliingia sokoni mwaka wa 1997 ndani ya simu ya Nokia 6110. Kanuni yake ni nyepesi: nyoka hula, hurefuka, na akijigonga hufa. Kadiri mchezaji anavyofaulu ndivyo nafasi inavyozidi kumbana.

Nokia 1100, iliyotolewa mwaka wa 2003, iliueneza zaidi kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu.

Tatizo lilikuwa betri. Pasipo umeme, simu ilipelekwa sokoni kuchajiwa kwa malipo. Mtoto aliyeimaliza chaji aliikatia jamaa mawasiliano na, baada ya M-Pesa kuanzishwa mwaka wa 2007, njia ya kupokea pesa. Ndiyo maana ulichezwa kwa kuibia, na utamu wake ukadumu.