Toledo, Jiji Lililofunga Undugu na Tanga

Katika jimbo la Ohio, nchini Marekani, pale Mto Maumee unapomwaga maji yake katika ncha ya magharibi ya Ziwa Erie, liko jiji la wastani liitwalo Toledo, lenye wakazi wapatao 270,000, mashuhuri kwa viwanda vya vioo na kwa magari ya Jeep yaliyoanza kuundwa huko mwaka 1941. Kwa kuwa jiji hilo na Tanga yetu yamefunga undugu rasmi, ni haki ya mtu wa Ngamiani au Chumbageni atakayejaaliwa kufika huko ajue mapema mambo ya kumweka salama.

Salama ya mgeni katika Tanga imo katika watu: ukipotea utamwuliza muuza kahawa, naye atamwita kijana akufikishe mlangoni. Watu wa Toledo si wakali wala hawana inda, lakini njiani aghalabu humkuti wa kumwuliza, kwa maana karibu kila mtu yumo ndani ya gari lake. Basi salama ya huko imo katika mapatano yaliyofanywa kabla ya safari. Uwanja mkubwa wa ndege ulio karibu ni ule wa Detroit, kadiri ya kilomita 80 kaskazini, na garimoshi hupita saa za usiku wa manane na alfajiri. Mwenyeji wako na ajue siku na saa ya kufika kwako.

Baridi ndiyo adui wa kwanza. Aliyezoea kujifunika shuka wakati wa kusi asidhani ameionja, kwani Januari ya Toledo maji huganda nje mchana kweupe, ilhali jua linawaka. Barafu mbaya kuliko zote ni ile nyembamba inayotanda juu ya lami usiku, ambayo kwa macho ni kama unyevu tu. Mtu akitangulia kisigino, mguu humtoka. Wenyeji huenda kwa hatua fupi, unyayo wote chini, na mikono hawaitii mifukoni. Theluji ikizidi, mkuu wa polisi wa wilaya hutangaza hatari kwa madaraja matatu, na katika daraja la tatu asiye na kazi ya dharura akionekana barabarani aweza kukamatwa.

Magari hupita kulia, nasi macho yetu yamezoea kinyume. Tena dereva aliyesimama penye taa nyekundu huruhusiwa kukata kulia njia ikiwa tupu, kwa hiyo mwenda kwa miguu asiiamini taa peke yake. Kwetu, dereva aliyesimamishwa na askari akishuka kumwamkia huhesabiwa mwenye adabu. Huko kushuka hudhaniwa shari: kaa kitini, mikono juu ya usukani, wala usichopoe karatasi mpaka uambiwe. Fauka ya hayo, tangu Juni 2022 sheria ya Ohio humruhusu mtu aliyetimiza miaka 21, asiyekatazwa na sheria kumiliki silaha, kuficha bastola mwilini bila kibali, na hiyo ni sababu tosha ya kuepuka ugomvi na mtu usiyemjua.

Namba ya dharura ni 911, kwa polisi, zimamoto na wagonjwa. Lakini gharama za hospitali zaweza kumfilisi mtu, hivyo bima ikatwe hapa nyumbani.

Maji ya bomba hunywewa bila kuchemshwa. Hata hivyo, Agosti 2014 sumu ya mwani wa Ziwa Erie iliingia katika maji ya jiji, na watu zaidi ya 400,000 wakakatazwa kuyanywa kwa siku tatu hivi. Wakaonywa hata wasiyachemshe, kwani kuchemsha huizidisha nguvu sumu ile. Sisi tuliolelewa kuamini sufuria ya moto tukumbuke kusikiliza tangazo kwanza.

Ukishajua ya kujihadhari nayo, yapo na ya kwenda kuyaona. Makumbusho ya sanaa, yaliyoasisiwa mwaka 1901 na Edward Libbey, tajiri wa vioo, hayana kiingilio. Msikiti mkubwa, wenye kuba na minara miwili, ulifunguliwa mwaka 1983 huko Perrysburg, kando ya barabara kuu, mbali na mjini kwa mwendo wa miguu. Na kwa kuwa Ijumaa huko ni siku ya kazi, atakaye kuswali na apatane na mwenye gari tangu Alhamisi.