Je, Wajua? Subira ya Dome
Dome, jamaa ya ngisi na pweza, hugeuza rangi ya ngozi yake kabla sekunde moja haijaisha kwa kutanua na kubana kromatofori, yaani vifuko vidogo vya rangi vinavyovutwa na misuli iliyo chini ya amri ya ubongo, ingawa macho yake hayatofautishi rangi. La kustaajabisha zaidi ni subira yake: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, dome sita waliojaribiwa huko Woods Hole, Marekani, waliacha kipande cha kamba kilichokuwa mbele yao, wakasubiri hadi sekunde 50, na wengine hadi 130, ili wapate kamba hai wanaowapendelea, na waliovumilia zaidi ndio waliojifunza upesi zaidi.