UPINDE WA RODA NA NAMNA YA KUUREKEBISHA



Wapenzi wasomaji, hapa kwetu Shinyanga na Geita upinde si kitu kigeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sungusungu walishika pinde na mishale kuwakabili wezi wa ng'ombe. Nasi Waislamu tunajua kuwa Mtume (S.A.W.) alihimiza kujifunza kulenga shabaha. Kwa kuwa wanafunzi wametuuliza kuhusu upinde wa kisasa wenye magurudumu, tumeona tuueleze.

Upinde huo ulibuniwa na Holless Wilbur Allen wa Marekani, akapewa hataza mwaka 1969. Kwenye ncha zake mbili kuna roda. Aliyewahi kuona mfuko wa mawe ukipandishwa kwa kamba kutoka shimo la dhahabu anaijua roda. Tofauti ni kuwa ekseli ya roda hizi haiko katikati, hivyo uzito huwa mkubwa njiani, kisha hupungua mwishoni. Upinde wa kilo 27 unaopunguza asilimia 75 humwachia mvutaji kilo 7 hivi, akalenga bila kutetemeka.

Kuurekebisha kuna hatua hizi:

1. Urefu wa kuvuta ulingane na mwili. Nyosha mikono yote miwili, pima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ugawe kwa 2.5. Mwenye sentimita 175 atapata 70.

2. Roda mbili zifike mwisho kwa wakati mmoja. Moja ikichelewa, mshale huondoka umeinama.

3. Mshale ukae kwenye ugwe kwa pembe mraba, na ugumu wake ulingane na nguvu ya upinde.

4. Tandaza karatasi kwenye fremu, simama mita 2 hivi, upige ukiwa na kizuizi imara nyuma yake. Tundu moja safi ni dalili njema. Mchaniko wa manyoya ukiwa juu ya tundu la ncha, shusha mahali pa kuweka mshale; ukiwa chini, pandisha. Rekebisha kitu kimoja kimoja, kisha pima tena.

Tahadhari! Usivute na kuachia upinde wowote, hata ule wa babu, bila mshale. Nguvu iliyokosa mshale wa kuibeba huurudia upinde, nao unaweza kupasuka usoni pako. Wala usibadilishe ugwe wa upinde wa roda nyumbani. Kazi hiyo huhitaji mashine ya kuubana. Watoto wasiushike bila mtu mzima.

Mwisho, tukumbuke Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Wapiga mishale 50 chini ya Abdullah bin Jubayr waliwekwa kilimani na kuamriwa wasiondoke. Wengi wao waliteremka kufuata ngawira, Waislamu wakashambuliwa kwa nyuma. Pinde zao hazikuwa na kasoro. Kilicholegea ni utii. Basi tunapokaza ugwe, tukaze na nafsi zetu.

Wabillahi tawfiq.