Mikutano ya watumiaji wa programu huria: mkaazi anafaidika vipi?

Katikati ya jiji la Nairobi, kando ya Barabara ya Ngong, Kilimani na Westlands, kuna vikundi vya watu wanaokutana mara kwa mara kujadili programu huria za kompyuta. Mikutano mingi hufanyika jioni baada ya kazi au siku ya Jumamosi, na mingi haina kiingilio. Hata hivyo, wakaazi wengi hudhani kwamba ni ya wahandisi na wanafunzi wa vyuo vikuu pekee. Sivyo. Mwenye saiba Kawangware, mwalimu wa shule ya msingi Kangemi na katibu wa chama cha akiba Kibra wote wana jambo la kujifunza huko.

Suala hili lina uzito zaidi sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta zinazoutumia bado huwaka na kufanya kazi, lakini zisizoandikishwa katika mpango wa nyongeza wa muda hazipokei tena masasisho ya usalama. Kompyuta nyingi kuukuu haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu mfumo huo unadai kichakataji cha miaka ya karibuni na kijenzi maalum cha usalama. Mwenye kompyuta ya aina hiyo anaweza kununua nyingine, kuendelea kuitumia bila kinga, au kuiwekea mfumo huria. Vikundi vya watumiaji husaidia katika njia hii ya tatu.

Programu huria ni nini

Kila programu huandikwa kwa maagizo yanayoitwa msimbo. Katika programu za kawaida za kuuzwa, mwenye kampuni huuficha msimbo na kumpa mnunuzi ruhusa ya kutumia tu. Programu huria hutolewa pamoja na msimbo wake, na leseni yake humruhusu mtu kufanya mambo manne: kuitumia kwa kazi yoyote, kusoma jinsi ilivyoundwa, kuirekebisha, na kuwagawia wengine.

Harakati hizi zilianza mwaka 1983, Richard Stallman wa Marekani alipotangaza mradi wa GNU. Mwaka 1991 Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi nchini Finland, alitoa kiini cha mfumo unaojulikana leo kama Linux. Simu za Android, ambazo wakaazi wengi wa kaunti wanazo mfukoni, zimejengwa juu ya kiini hicho.

Programu huria haifanani na nakala haramu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Anayeweka nakala iliyovunjwa kufuli ya programu ya kuuzwa anavunja sheria, na mara nyingi anajiwekea virusi pia. Anayenakili programu huria na kumpa jirani hana kosa lolote, kwa kuwa leseni yenyewe inamruhusu.

Vikundi vilivyopata makao

Kwa muda mrefu watumiaji wa Nairobi walikutana popote palipopatikana: vyuoni, ofisini mwa rafiki, au hotelini kwa chai. Mwezi Machi 2010 kituo cha iHub kilifunguliwa katika jengo la Bishop Magua, Barabara ya Ngong. Kilikuwa na meza, intaneti ya kasi na nafasi ya mihadhara, jambo lililowezekana kwa urahisi zaidi baada ya nyaya za baharini za mawasiliano kufika Mombasa mwaka 2009. iHub ilihamia baadaye Senteu Plaza, Kilimani, na mwaka 2019 ikanunuliwa na CcHub ya Nigeria. Mwaka huo wa 2010 ndipo pia kilipoanzishwa kikundi cha AkiraChix, kinachowafunza wasichana na wanawake kazi za teknolojia. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina kituo cha C4DLab katika bewa la Chiromo.

Nyuma ya kufunguliwa kwa iHub kulikuwa na kazi iliyokwisha kujulikana. Mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya wachache na wenzao waliunda Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi kwa ujumbe mfupi na intaneti na kuzionyesha kwenye ramani. Msimbo wake ulitolewa wazi. Kwa sababu hiyo, tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti Januari 2010, waliotaka kupanga misaada waliutumia bila kuanza kazi upya.

Kinachofanyika mkutanoni

Mkutano wa kawaida huchukua saa mbili au tatu. Huanza kwa watu kujitambulisha: jina, kazi, na kilichowaleta. Kisha mzungumzaji mmoja au wawili hutoa mada, kila mmoja kwa takriban nusu saa, na huonyesha kwa vitendo kwenye ukuta au skrini. Mada huweza kuwa jinsi ya kuweka seva ndogo ya shule, jinsi ya kuandika programu kwa lugha ya Python, au jinsi ya kutafsiri programu kwa Kiswahili. Baada ya hapo huja maswali.

Sehemu ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa kwa mgeni. Watu hutoa kompyuta zao na kusaidiana: huyu spika haitoi sauti, yule printa haisomeki, mwingine anataka kuwekewa Linux kwa mara ya kwanza. Wanaosaidia ni wa kujitolea. Lugha ya mikutano ni mchanganyiko wa Kiingereza, Kiswahili na Sheng, na aliyeuliza kwa Kiswahili hujibiwa kwa Kiswahili.

Suala la lugha si dogo. Mwaka 2004 mradi ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kusubiri kampuni yoyote iamue kwamba soko la Kiswahili lina faida. Leseni iliwaruhusu kutafsiri wenyewe.

Kazi inayomgusa mkaazi

Hadi mwaka 2009, Kibera ilikuwa kama pengo katika ramani nyingi za jiji. Mwaka huo mradi wa Map Kibera uliwafunza vijana wa mtaa kutumia vifaa vya GPS. Walipita vichochoro kwa miguu na kuweka alama kwenye vituo vya maji, vyoo, shule na zahanati. Taarifa hizo ziliingizwa katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha. Mtaa usioonekana kwenye ramani ni vigumu kuombewa mfereji wa maji au taa za barabarani. Septemba 2024, kongamano la kimataifa la wachora ramani hiyo, State of the Map, lilifanyika Nairobi.

Katika afya, programu huria ya OpenMRS ya kutunza rekodi za wagonjwa ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na juu yake ukajengwa mfumo wa KenyaEMR. Takwimu za vituo vya afya nchini hukusanywa kwa DHIS2, programu huria iliyoenezwa Kenya nzima mwaka 2011. Mifumo hii huhitaji vijana wa kuitunza, na wengi hujifunza misingi ya kazi hiyo katika mikutano kama hii.

Kabla ya kuhudhuria

Mkaazi anayetaka kuwekewa mfumo huria azingatie yafuatayo:

Kwanza, anakili faili zake zote muhimu kwenye flashi diski au diski ya nje na kuiacha nyumbani. Kuweka mfumo mpya kunaweza kufuta kila kitu.

Pili, aombe kuujaribu mfumo kabla ya kuuweka. Linux huweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi diski bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta. Mfumo kama Linux Mint huenda vizuri kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4.

Tatu, aorodheshe programu anazozitegemea kazini. LibreOffice hufungua barua na majedwali mengi ya Microsoft Office, lakini baadhi ya fomu za Excel zenye makro huenda zisifanye kazi sawasawa. Baadhi ya programu za uhasibu na za usanifu hazina toleo la Linux. Ni afadhali kujua hilo mapema kuliko siku ya kulipa mishahara.

Nne, asimpe mtu nywila yake, hata kama ni msaidizi mwema. Aiandike mwenyewe inapohitajika. Kompyuta yenye taarifa za wanafunzi, wagonjwa au wanachama iondolewe taarifa hizo kwanza, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humwajibisha anayezitunza.

Tano, asiulize bei ya programu pekee. Programu huria nyingi hazina malipo, lakini muda wa kujifunza na fundi wa kuja ofisini ni gharama. Shule au saiba yenye kompyuta kumi ianze na moja, iitumie mwezi mmoja, kisha iamue kuhusu tisa zilizobaki.

Anayehudhuria mara ya kwanza hahitaji kuwa na kompyuta wala kujua msimbo. Afike mapema, aseme anachohitaji wakati wa kujitambulisha, na asione haya kusema hajaelewa. Akisharudi na tatizo lake kutatuliwa, anaweza kuombwa kueleza mbele ya wengine jinsi lilivyotatuliwa. Wazungumzaji wengi wa mikutano hii walianza hivyo hivyo.