Kioo, Mwanga na Mlima: Udhibiti wa Kioo katika Upimaji wa Ardhi kwa Leza

1.0 Utangulizi

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002, umekaa kati ya Mlima Kwaraa na Ziwa Babati. Kusini-magharibi yake uko Mlima Hanang, ambao tarehe 3 Desemba 2023 ulishusha tope, mawe na magogo juu ya mji wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka. Tangu hapo, swali la namna ya kuuona ufa mlimani kabla haujazaa maafa limekuwa la kila mkazi. Mhadhara huu unafafanua chombo kimojawapo kinachoweza kusaidia kulijibu, yaani chombo cha kupimia ardhi kwa leza, na hususan kiungo chake kisichotajwa sana: kioo.

2.0 Namna Chombo Kinavyopima

Leza hutoa mapigo mafupi ya mwanga. Kila pigo huenda, hugonga kitu, kisha hurudi. Kwa kuwa mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, muda wa safari hiyo ukipimwa, umbali hujulikana. Hata hivyo, pigo moja huipima nukta moja tu. Sura ya mlima mzima huhitaji mamilioni ya nukta, na kazi ya kuzitawanya hufanywa na kioo kidogo kinachobembea mbele ya leza, kikiufagiza mwanga juu ya ardhi mithili ya mkono unaorusha mbegu shambani. Panapo msitu, mwanga mwingi huishia majanini na ni mapigo machache yanayopenya hadi udongoni. Kwa hiyo nukta zikiwa haba, ardhi iliyo chini ya miti haionekani.

3.0 Matatizo ya Kioo

Tatizo la kwanza ni kasi. Ndege ikiruka mita 60 kwa sekunde na kioo kikichora mistari 50 kwa sekunde, mistari hiyo huachana kwa mita 1.2. Ufa wenye upana wa nusu mita unaofuata mwelekeo wa mistari waweza kupita katikati bila kuguswa. Mistari ikiongezwa hadi 100, mwanya hupungua kuwa mita 0.6. Lakini kioo kina uzito. Kukirudisha upesi ni kukifunga breki na kukisukuma upya, na kikisukumwa ghafla hutetemeka. Kioo chepesi zaidi huwa kidogo, na kioo kidogo hukusanya mwanga haba unaporudi.

Tatizo la pili ni usahihi wa pembe. Kwa kanuni ya uakisi, kioo kikigeuka kwa pembe fulani, mwale hugeuka kwa pembe maradufu. Kosa la digrii 0.01 katika kioo huwa digrii 0.02 katika mwale. Kwa umbali wa mita 1,000, nukta huwekwa takriban sentimita 35 nje ya mahali pake.

Tatizo la tatu ni mtawanyiko. Kama bembea, kioo hupunguza mwendo kinapokaribia kugeuka. Hivyo nukta hurundikana pembeni na kupungua katikati.

4.0 Njia za Udhibiti

Njia ya msingi ni mrejesho: kihisi husoma pembe halisi ya kioo, huilinganisha na pembe iliyokusudiwa, kisha mota husahihisha tofauti. Udhaifu wake ni kwamba husahihisha kosa lililokwisha kutendeka. Kwa sababu hiyo huongezwa utabiri. Dereva aijuaye njia hupunguza mwendo kabla ya kona, hangoji gari liyumbe. Vivyo hivyo mdhibiti aliyepewa tabia ya kioo huipima nguvu mapema na kuibadilisha taratibu ili kuzuia mtetemo. Tena, kwa kuwa mwendo hujirudia, kosa la mzunguko mmoja hutumika kuurekebisha unaofuata. Hatimaye, leza yaweza kuamriwa itoe mapigo kwa kufuata pembe badala ya saa, ili nukta ziachane kwa usawa.

Inafaa kutofautisha mambo mawili. Kuijua pembe halisi wakati wa kila pigo huiweka nukta mahali pake; hakuzibi mwanya ambao mwanga haukupita. Mwanya huo huzibwa na udhibiti wa mwendo wenyewe.

5.0 Suala la Lugha

Tofauti hiyo ndiyo inayohitaji maneno. Katika Kiswahili, neno "kioo" hubeba cha kujitazamia, cha dirisha na cha simu, na msikilizaji hulielewa kwa muktadha. Lakini "usahihi" na "ubainifu" haviwezi kuachiwa muktadha: nukta zaweza kusongamana nazo zina makosa, au zikawa sahihi lakini haba. Ramani isifiwayo kuwa "nzuri" tu haisemi ni lipi kati ya hayo mawili.

6.0 Hitimisho

Mkazi wa mteremkoni anayeambiwa ahame, au abaki, kwa sababu ya ramani, ana haki ya kuuliza maswali mawili: nukta zake zinaachana kwa kiasi gani, na kila nukta yaweza kukosea kwa kiasi gani? Maswali yote mawili yanaulizika kwa Kiswahili, na majibu yake, kama ilivyoonyeshwa, yanaanzia kwenye kioo. Kazi ya wataalamu wa lugha ni kuhakikisha kwamba majibu hayo yanamfikia kwa lugha hiyo hiyo.