Nakala ya daftari la madeni: ipo, lakini itafunguka?

MFANYABIASHARA wa maharage mjini Kasulu anayetoa mali kauli anajua kwamba sehemu kubwa ya mtaji wake haipo ghalani wala benki. Ipo kwenye daftari la madeni. Tuchukue mfano: anawadai wateja 40 jumla ya sh. milioni 12, na hesabu yote imo ndani ya kompyuta moja dukani. Kompyuta ikiungua au ikiibwa, kununua nyingine si kazi kubwa. Hasara ni zile sh. milioni 12, kwa kuwa mdaiwa mwaminifu atalipa anachokumbuka, na asiye mwaminifu atakumbuka kidogo.

Ndiyo maana zipo programu za kutunza nakala za akiba. Kwa saa zilizopangwa, programu hunakili mafaili na kuyapeleka kwenye diski ya nje, au kwenye sava ya mbali kwa njia ya intaneti. Swali la kujiuliza ni lile lile la bima: siku ya ajali, italipa?

Funzo la kwanza linatoka Maersk, kampuni ya meli ya Denmark ambayo makontena yake hupita bandari ya Dar es Salaam. Juni 27, 2017, virusi vya NotPetya viliingia katika mtandao wake. Kampuni ilikuwa na sava zipatazo 150 zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao, kila moja ikiwa nakala ya mwenzake. Kwa kuwa zote ziliunganishwa, ziliharibiwa kwa pamoja, isipokuwa moja nchini Ghana iliyokuwa imezimika baada ya umeme kukatika. Hiyo ndiyo iliyotumika kuujenga mtandao upya. Kampuni ilikadiria hasara ya dola za Marekani milioni 250 hadi 300.

Kwa maneno mengine, diski inayobaki imechomekwa kwenye kompyuta usiku na mchana si akiba. Virusi vikiingia, vitaiharibu pamoja na kompyuta yenyewe. Inakiliwe, ichomolewe, ifungiwe. Aidha, umeme ukikatika katikati ya kunakili, faili linaweza kubaki nusu. Betri ya akiba ya kompyuta ina kazi hapo.

Funzo la pili ni la GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu. Januari 31, 2017, mfanyakazi wake alifuta hifadhi ya taarifa kwa makosa. Kampuni ilikuwa na njia 5 za kunakili, na hakuna hata moja iliyofanya kazi ipasavyo. Barua za kuonya kwamba nakala hazifanyiki zilikuwa zikikataliwa njiani, hivyo hakuna aliyejua. Waliokolewa na nakala ambayo mfanyakazi aliichukua kwa mkono saa 6 kabla. Yaliyoingizwa katika saa hizo yakapotea.

Upo pia upande wa usalama. Diski ikiibwa, mwizi ana majina, namba za simu na madeni ya wateja wako. Programu nzuri huzigeuza taarifa zisisomeke bila neno la siri. Hata hivyo, ukilisahau neno hilo, nawe umefungiwa nje. Liandikwe na kuwekwa mbali na diski. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inadai kumbukumbu zitunzwe kwa miaka isiyopungua 5.

Ushauri kwa mwenye duka ni huu: awe na nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 iwe nje ya duka, hata kwa ndugu aliyeko Kigoma mjini. Kila anapofunga hesabu za mwezi, afungue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, achague wateja watatu, na alinganishe madeni yao na stakabadhi. Yakilingana, ana akiba. Yasipolingana, ni heri amejua leo kuliko siku ya kudai.